Linki ya Bosi

Bosi wetu hapendi vitu vya kuandikaandika. Nilipopewa kazi ya kubuni API (mlango wa kupokea amri) ya kuiendesha seva yetu ya Linux kupitia wavuti, yaani kuwasha huduma, kukagua diski na kuristati mashine yenyewe, sharti lake lilikuwa moja: "Kijana, mimi nataka linki. Nabonyeza, inatii."

Nikamweleza taratibu. "Mzee, kwenye HTTP, lugha ya wavuti, ukibonyeza linki inatumwa GET, nayo ni ya kuomba kuona tu. Cha kuigeuza mashine kinapita POST. Kanuni za 1999 zimelisema hili." Nikamtolea na mfano wa 2005, Google Web Accelerator ilipokuwa inafungua linki kabla mtu hajazigusa ili kurasa ziwahi, ikafungua mpaka zilizoandikwa "futa". Data za watu zikaenda.

Akatazama saa. "Hao Google. Sisi tuko Kijitonyama."

Hoja hiyo mpaka leo sijapata jibu lake.

Basi ikawa linki. Nenosiri humohumo ndani, si hataki kuandika? Ukiifungua, seva inajibu "Sawa bosi, nazima", halafu systemctl reboot, amri ya kuristati, inapita.

Siku ya kufunga hesabu za mwezi, bosi akaitupia kwenye kundi la ofisi: "Mashine ikisumbua tumieni hii." Sasa ile programu ya kuchatia ina kiroboti chake. Ukituma linki, chenyewe kinawahi kuifungua, kinachungulia kilichomo, kinarudi na kijikadi cha kuwaonyesha watu. Kikachungulia. Chini ya ujumbe wa bosi kikatokea kijikadi: "Sawa bosi, nazima."

Dada wa uhasibu, ankara zake nusu njiani, akaandika: "Jamani nani anazima? Ni hii?" Akaibandika. "Sawa bosi, nazima." Kaka wa stoo akaapa kwamba yeye hii hajaigusa kabisa, na ili aaminike akaibandika. "Sawa bosi, nazima." Mimi niko mbele ya seva napambana kuingia niifute, nikifika katikati ya nenosiri, skrini nyeusi, feni zinaanza kuvuma upya.

Bosi akaja mwenyewe, kanuna. Nikamwambia, mzee, hata kubonyeza hakuhitajiki, ukiituma tu imetosha. Akaitikia kwa kichwa, kaelewa vizuri kabisa. Akatoa simu, akaandika tangazo kwa herufi kubwa: "KUANZIA SASA NI MARUFUKU KUTUMA LINKI HII:"

Halafu akaanza kuitafuta aibandike.