Hao wa Isimila walikuwa wanaguna tu?

Kamwene wadau. Mwandishi, kwenye makala yako unasema mababu wa kale walikuwa wanaguna na kuonyeshana vidole basi, hawaongei, mi nakubali nusu. Niko Iringa hapa, Isimila, lile eneo la watu wa kale, ni kama kilomita 20 ukishika barabara ya Mbeya, nendeni mkaone yale mashoka ya mawe waliyochonga, umri wake unapita miaka laki mbili, mengine makubwa hadi unajiuliza mtu aliyashikaje, na yamechongwa pande zote mbili kwa mtindo ule ule. Sasa dogo alifundishwaje hiyo kazi? Baba yangu seremala, randa alinifundisha bila maneno mengi, we angalia mkono tu, ukikosea unapigwa jicho moja hilo unaelewa, kwahiyo sikatai ishara zilifanya kazi kubwa. Ila kuguna tu hapana jamani. Kule Israeli, pango la Kebara, mwaka 1983 walipata kamfupa ka kooni kale kanakoshikilia ulimi, ka Neanderthal, wale binadamu wa kale wa aina nyingine, kanafanana sana na ketu. Kamfupa hakasemi waliongea nini, sawa, lakini vifaa vya kuongelea walikuwa navyo. Halafu picha zote mmeweka za Ulaya wakati Isimila ipo mlangoni, ingawa hata mi nimefika nikiwa na miaka 30 😅