Namba ya presha baada ya stenti: inatabiri kweli au tunaipa uzito usio wake?

Mtu akishazibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, ndugu huwa wanauliza kitu kimoja tu, "daktari, amepona?", na daktari anawaonyesha picha ya kabla na ya baada, pale palipokuwa pamebana sasa pamefunguka, watu wanamshukuru Mungu na safari ya nyumbani inaanza. Ila kwa zaidi ya miaka 20 kuna wataalam wa moyo wanaosema picha peke yake haitoshi, ukimaliza kuweka stenti pima presha ndani ya huo mshipa, namba utakayoipata itakupa fununu ya huyu mgonjwa atakuwaje miezi na miaka ijayo. Na kuna wenzao wanaojibu sawa, namba inasema kitu, lakini ukishaijua utaifanyia nini? Mi nadhani huu mjadala unastahili kuelezwa vizuri kwa Kiswahili manake wenye stenti siku hizi wako kila mtaa.

Kipimo chenyewe kinaitwa FFR. Walioliweka hili jambo kwenye ramani ni Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji, na makala yao ya mwaka 1996 ndo iliyofanya madaktari wengi waanze kukichukulia kwa uzito. Waya mwembamba sana, unene wake hata nusu milimita haufiki, unapitishwa kwenye mshipa mpaka uvuke pale palipobana, na karibu na ncha yake, kama sentimita 3 hivi, kuna kihisio cha presha. Mgonjwa anapewa dawa ya adenosini ili mishipa midogo ya moyo ifunguke yote na damu iende kwa kasi ya juu kabisa, na hapo wengi wanahisi kifua kinabana au pumzi inakuwa fupi kwa muda mfupi, wanaambiwa vumilia kidogo itapita. Kwenye skrini kuna mistari miwili, mmoja presha ya mshipa mkuu aota, mwingine presha ya mbele ya mbano. Kabla ya dawa inaweza kwenda karibukaribu, dawa ikiingia ule wa pili unaporomoka. Unagawanya wa chini kwa wa juu: aota ikiwa 100 na kule mbele 70, FFR ni 0.70, yaani ule msuli unapata kama asilimia 70 ya damu ambayo ungepata mshipa ungekuwa mzima. Ni kama kulinganisha presha ya maji kwenye tanki na kwenye bomba la jikoni, tofauti ikiwa kubwa ujue njiani kuna kizuizi.

Kabla ya kuweka stenti, faida ya kipimo hiki imeonekana vizuri. Utafiti wa FAME wa mwaka 2009 ulichukua wagonjwa 1,005 wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyobana, nusu wakawekewa stenti kwa kuangalia picha tu, nusu nyingine kwa FFR, stenti inawekwa panaposoma 0.80 au chini. Waliopimwa waliwekewa stenti chache, wastani 1.9 dhidi ya 2.7, na baada ya mwaka waliokufa, waliopata shambulio la moyo au kurudi kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 13.2 dhidi ya 18.3. Ubishi upo, hasa kwa waliokuja na shambulio la moyo, lakini leo nataka tuzungumzie kupima baada ya kazi kwisha.

Data iliyowasha moto huu ilitoka mwaka 2002, kundi la Pijls tena, wagonjwa 750 waliopimwa FFR mara tu baada ya stenti halafu wakafuatiliwa miezi 6. Waliomaliza na zaidi ya 0.95, waliopata tatizo ni asilimia 4.9. Kati ya 0.90 na 0.95, asilimia 6.2. Chini ya 0.90, asilimia 20.3. Na wale wachache waliokuwa chini ya 0.80 wakafika asilimia 29.5. Ngazi ya namna hiyo ni ngumu kuipuuza, na tafiti nyingi zilizofuata, hata za stenti za kisasa zenye dawa, zimeonyesha mwelekeo uleule ingawa kila mmoja anakuja na mpaka wake, huyu 0.86, yule 0.88, mwingine 0.90.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ndo nzito zaidi. Picha inadanganya, na inadanganya baada ya kazi kama inavyodanganya kabla. Utafiti wa DEFINE PCI wa mwaka 2019 ulichukua watu 500 ambao madaktari wao walishaangalia picha na kuridhika kwamba kazi imekwisha vizuri, halafu wakapimwa kwa iFR, ambayo ni ndugu yake FFR isiyohitaji adenosini, bila daktari aliyefanya kazi kuonyeshwa jibu. Karibu mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu wa damu kwenye kipimo! Na kwa kama 8 kati ya 10 ya hao tatizo lilikuwa sehemu moja inayoonekana kwenye kipimo, ama stenti haijatanuka sawasawa, ama pembeni yake pamebaki mbano, ama kuna mbano mwingine mbele ambao ulijificha nyuma ya ule mkubwa. Huyo mtu karudi nyumbani akiamini kazi imeisha, wiki chache mbele kifua kinauma tena akipanda ngazi na anaambiwa picha ilikuwa nzuri, labda ni mawazo. Hili linaniuma kwa kweli.

Sasa upande wa pili, na msiuone mwepesi.

Kwanza rudi kwenye zile namba za 2002 uzisome kwa jicho la mgonjwa mmoja. Hata wenye chini ya 0.90, karibu 8 kati ya 10 hawakupata tatizo lolote kwenye ile miezi 6. Na ukipiga hesabu kwa asilimia zao wenyewe unakuta zaidi ya theluthi ya waliopata matatizo walitoka kwenye kundi la 0.90 kwenda juu, lile tunaloliita zuri. Pia hayo matatizo ni yapi? Kati ya watu 76 waliopata shida, 5 walifariki, 19 walipata shambulio la moyo, na 52 walirudi kuzibuliwa tena mshipa uleule. Kwa hiyo namba ilikuwa inatabiri zaidi kurudi kwenye meza kuliko kifo. Kifo kinategemea mambo mengine kibao, umri, nguvu ya moyo kusukuma damu, kisukari, figo, sigara, na hayo yote waya hauyaoni.

Pili, kipimo chenyewe kina utelezi wake. Kile kihisio kinaweza kuhama kidogo kadiri kinavyokaa ndani, ndo maana mwishoni unatakiwa kukirudisha mpaka kwenye mdomo wa katheta, ule mrija unaopitishia waya, uone kama presha mbili zinalingana, zikipishana zaidi ya 0.03 inabidi urudie. Sasa fikiria mpaka ni 0.90 na mgonjwa amepata 0.88, hiyo tofauti yote inaweza kuwa ni waya na sio mshipa. Halafu mshipa mkubwa wa mbele wa kushoto unasoma chini kuliko wa kulia hata kazi ikiwa safi, kwa sababu mgonjwa amelala chali na huo mshipa unapita juu, uzito wa damu yenyewe unakula milimita chache za presha, na pia unalisha msuli mkubwa. Kuwapima wote kwa mpaka mmoja sio haki. Na kama ugonjwa umesambaa mshipa mzima, FFR itabaki chini na hakuna stenti ya kuiinua, mwishowe unajaza chuma kwenye mshipa wa mtu kwa ajili ya kufukuza namba.

Tatu, na hapa ndo penye kiini, kutabiri ni kitu kimoja na kubadilisha ni kingine. Kule Glasgow, Uskoti, walifanya utafiti wa TARGET FFR, watu 260, nusu yao daktari akaonyeshwa namba ya mwisho na kutakiwa kuongeza juhudi pale inapowezekana. Lengo lilikuwa 0.90 kwenda juu, waliofika ni asilimia 38.1 dhidi ya 28.1, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa ushindi. Rotterdam, Uholanzi, nao wakafanya utafiti wa FFR REACT, wakachukua 291 wenye chini ya 0.90, nusu wakaangaliwa kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa na kurekebishwa. Baada ya mwaka mshipa uliotibiwa ulileta shida kwa asilimia 4.2 dhidi ya 4.8, yaani karibu sawa.

Wapingaji wanasema hapo kesi imekwisha. Mi sikubali haraka hivyo. Tatizo likitokea kwa watu 4 au 5 tu kati ya 100, watu 291 hawawezi kukuonyesha faida ya kiasi hata kama ipo, unahitaji maelfu. Na ndani ya TARGET FFR kuna kitu naona kinapitwa haraka, waliobaki na 0.80 au chini walishuka kutoka asilimia 29.8 mpaka 18.6. Hao ndo walio kwenye hali mbaya kuliko wote. Kwa hiyo naona namba hii ina kazi zaidi kule chini kabisa, kumkamata aliyeachwa na mbano wa kweli, kuliko kugombana kati ya 0.89 na 0.91.

Kwa waliokuja na shambulio kubwa la moyo habari inabadilika kabisa. Mishipa midogo imeumia, haifunguki hata ukiweka adenosini, damu haikimbii, presha haishuki, na FFR inatoka nzuri wakati hali ni mbaya. Kwa hao kuna kipimo cha ukinzani wa mishipa midogo, IMR, na William Fearon na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba ikizidi 40 baada ya kuzibua, hatari ya kufa au moyo kushindwa kufanya kazi inapanda. Huko kifo kinaguswa hasa.

Na kwetu? Kathlabu, yaani vyumba vya kuzibulia mishipa ya moyo, zipo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar inazibua mishipa, Nairobi pia, lakini waya wa presha ni wa kutumia mara moja na bei yake sio ya mchezo. Kuna njia ya kukokotoa kwenye picha bila waya, QFR, ila utafiti wa Ulaya wa mwaka 2024 uliilinganisha na FFR kwenye kuamua nani awekewe stenti, QFR ikashindwa, matatizo asilimia 6.7 dhidi ya 4.2, kwa hiyo tusiikimbilie kwa sababu ya unafuu tu. Mgonjwa ambaye hela yake inatosha ama waya wa kutabiri ama dawa za miezi ijayo, anunue dawa, manake kuacha klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, mapema kunaweza kuziba stenti ghafla hata kama FFR ilikuwa 0.98.

Msimamo wangu ni huu: kama waya ulishafunguliwa kuamua nani awekewe stenti, usiutoe kabla ya kupima tena mwishoni, ni dakika chache na gharama ilishalipwa. Ikisoma 0.80 au chini, uvutwe taratibu kutoka mbele kurudi nyuma uone presha inaruka wapi, ikiruka sehemu moja parekebishwe, ikipanda pole pole mshipa mzima pawachwe na mgonjwa apewe dawa na aelezwe ukweli. Kufungua waya mpya kwa ajili ya utabiri tu, hapana, bado. Na namba iandikwe kwenye ripoti anayopewa mgonjwa, ikiwa na jina la mshipa na kama kihisio kilihakikiwa, ili kifua kikirudi kuuma daktari wa mkoani asianze kwa kubahatisha.