Faida ya mtaalamu mwalikwa iko kwenye maswali

Nimesoma makala kuhusu vikundi vya waandishi kualika wataalamu, na nakubaliana nayo kwamba kikundi cha waandishi wa hadithi za upelelezi hunufaika kinapomwalika daktari wa uchunguzi wa maiti au mpelelezi mstaafu, ila naona imeusifu mno mhadhara wa mgeni wenyewe na kuyapita haraka maswali, ambako ndiko faida iliko. Mwandishi asiyejua kwamba maiti huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, kisha hulegea tena baada ya siku moja au mbili, na kwamba joto la mahali huivuruga hesabu hiyo yote, atamfanya mpelelezi wake ataje saa kamili ya mauaji kwa kumgusa tu marehemu. Daktari atamsahihisha kwa sentensi moja, lakini sharti aulizwe. Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, alizijua sumu kwa sababu alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi wengine hatuna budi kuazima ujuzi huo. (Niliwahi kumuua mhusika kwa sumu ya aseniki isiyoweza kugunduliwa na maabara yoyote, ilhali kipimo cha kuigundua kilichapishwa mwaka 1836.) Ningependekeza mgeni apelekewe mapema muhtasari wa visa tunavyoviandika, na asishinikizwe kusimulia kesi ambazo bado ziko mahakamani, hata kama ndizo zinazotusisimua zaidi.