Lyon wamekubaliana na wakaazi wao, Mji Mkongwe tunangoja nini?

Waunguja tulio nje, kila tukiona picha ya ukuta uliopasuka au baraza iliyoporomoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, hatukawii kusema: wenzetu Ulaya wanajua kutunza, sisi hatujui. Mimi kauli hiyo siikubali, na safari yangu ya kikazi Lyon, Ufaransa, imenizidishia sababu za kuikataa.

Naishi Ujerumani, kazi yangu ni kufunga mashine za maabara, na mwisho wa wiki ulipoangukia katikati ya kazi nilipata nafasi ya kutembea. Siku moja nilipanda treni hadi Avignon kuliona kasri la Mapapa wa Kanisa Katoliki waliohamia huko karne ya 14. Ni jengo kubwa la kutisha, lakini vyumba vyake ni vitupu. Unakata tiketi, unaangalia kuta, unatoka. Moyo wangu ulibaki Lyon.

Sehemu ya kale ya Lyon iko chini ya kilima cha Fourvière, kando ya mto Saône. Ina vichochoro vinavyoitwa traboules, ambavyo hupenya ndani ya nyumba za watu. Unasukuma mlango wa mtaa mmoja, unapita ukumbini na uani, unapita kando ya ngazi za mawe na masanduku ya barua ya wapangaji, kisha unatokea mtaa wa pili. Kirefu kuliko vyote katika sehemu hiyo kinaanzia nambari 54 mtaa wa Saint-Jean na kutokea nambari 27 mtaa wa Bœuf. Nikiwa ndani nilipishana na bibi aliyetoka kununua mkate, akaniamkia na kupanda kwake. Ukutani kuna kibao kinachowaomba wageni wasipige kelele kwa sababu humu wanakaa watu. Nilikisoma nikawakumbuka majirani zetu wa Kiponda na Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe, wanaopigwa picha na wageni hadi ndani ya milango yao.

Mtaa huo haukuokoka kwa sababu Wafaransa wamezaliwa na mapenzi ya mambo ya kale. Katikati ya karne iliyopita nyumba zake zilikuwa chafu, zimechakaa, zimejaa watu wa kipato kidogo, na meya Louis Pradel alitaka kupitisha barabara kubwa katikati yake. Wakaazi na wapenzi wa mji wakapinga. Mwaka 1962 ikatoka sheria inayojulikana kwa jina la waziri wa utamaduni, André Malraux, na mwaka 1964 Lyon ya kale ikawa ya kwanza Ufaransa kulindwa kwa sheria hiyo. Haikuishia kukataza kubomoa: anayekarabati nyumba ya kupangisha katika eneo lililolindwa hupunguziwa kodi ya mapato. Orodha ya Unesco ya urithi wa dunia ilikuja baadaye sana, mwaka 1998, miaka miwili tu kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Na vile vichochoro vina mapatano yake. Mwenye nyumba anakubali kuacha mlango wazi mchana ili watu wapite, na manispaa nayo inachangia usafi, taa na matengenezo. Kila upande unajua wajibu wake.

Sasa turudi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, lakini paa lilikuwa la nani? Nyumba ya mawe na chokaa haisubiri mjadala. Maji yakipenya darini boriti huoza, na boriti ikioza kuta hazina cha kuzishika. Mpangaji asiye na uwezo anamwita fundi apige plasta ya saruji, ambayo ni rahisi kuipata, na saruji ile inaufungia unyevu ndani ya ukuta. Huyo hajakosa mapenzi na nyumba yake, amekosa fedha za chokaa, na amekosa fundi anayeijua.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, lilipoporomoka Disemba 2020 likiwa katika ukarabati na kuua mafundi, dunia nzima ilisikia. Nyumba ndogo ya uchochoroni ikianguka, habari zake hazivuki Darajani, sokoni ukingoni mwa mji.

Fikra ya mapatano si ngeni kwetu. Wazee wetu waliweka wakfu: pato la nyumba au duka lilihudumia msikiti, au wasiojiweza wa ukoo, na kwanza kabisa mali yenyewe ilitengenezwa isife. Nyumba za wakfu bado zipo Mji Mkongwe hadi leo.

Sitaki tuige kila kitu. Lyon ya kale ilipokarabatiwa kodi za nyumba zilipanda, na wengi wa wanyonge waliokuwa wakikaa humo walihama. Vichochoro vyao pia ni mali ya watu binafsi, usiku milango hufungwa. Vyetu viko wazi saa zote, na vina baraza ambapo mpita njia anakaa na kunywa kahawa bila kuulizwa anatoka wapi. Ukarabati utakaowaondoa watu wa baraza na kuacha hoteli tupu mimi sitaupongeza, hata ukipakwa chokaa nyeupe namna gani.

Ninachotaka ni hiki: mgeni anayelala hotelini Zanzibar hutozwa tozo kwa kila usiku. Sehemu yake itengwe kisheria kwa ajili ya wakaazi wa Mji Mkongwe, ilipe chokaa, boriti na mafundi waashi, pamoja na vijana watakaofundishwa kazi hiyo. Kwa upande wake mpangaji asiguse saruji, na awe na mkataba unaomhakikishia kwamba nyumba ikishapendeza hatatolewa. Wawakilishi wetu wanaweza kuanza na mtaa mmoja tu, wenye nyumba za wakfu na za serikali, na hesabu zibandikwe hadharani kila mwaka. Na sisi tulio nje, tunaochangishana kila siku kwa harusi na misiba, hapo tutakuwa na pa kuweka mchango wetu.