Kisu cha safari ya mlimani ni kile kinachomenya kiazi

Mwezi wa sita ukiisha, hapa kwetu Mbeya baridi inakuwa imekolea, njia za milimani zimekauka na watoto wako likizo. Huo ndio msimu wetu wa kutembea. Tunakuwa sita au saba, ndugu na majirani, kila mtu na begi lake mgongoni, siku tatu au nne. Mwaka mmoja tunapanda Rungwe, mwaka mwingine tunazunguka nyanda za Kitulo, mwaka mwingine tunavuka milima ya Livingstone hadi ufukweni Matema. Na kila mwaka, usiku wa kufungasha, tunabishania jambo lilelile: tubebe visu gani?

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na jisu la urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, mgongoni lina meno kama msumeno, na kwenye kitako cha mpini kimebandikwa kijidira. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza na alikuwa analipenda. Nilimwomba aliache nyumbani. Alikubali kwa heshima tu, niliona hakuridhika, na tangu siku ile nimekuwa nadaiwa maelezo. Haya ndiyo maelezo yenyewe, na ninayatoa kwa wengine pia, kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao njiani wamefunga kiunoni kitu ambacho hakitawasaidia.

Safari ile niliamua kuhesabu kila tulichokata kuanzia kituo cha basi hadi tuliporudi. Viazi, tena viazi vingi, maana Kitulo ukikosa kila kitu viazi hukosi. Vitunguu na nyanya. Maparachichi ya Rungwe, mkate, kipande cha nyama ya mbuzi tuliyonunua ikiwa imeshachomwa. Kamba ya kufungia turubai mara mbili. Mfuko wa mchele uliofungwa kwa uzi wa gunia. Plasta, kwa ajili ya malengelenge ya kisigino cha shemeji. Kipande cha mpira wa baiskeli tulichofungia soli iliyoachia. Basi. Siku nne nzima hatukukata mti, hatukupasua gogo wala hatukukutana na mnyama wa kupigana naye. Zaidi ya nusu ya kazi ya kisu ilikuwa kazi ya jikoni, iliyobaki ni ya kamba na matengenezo madogo. Sasa jaribu kumenya kiazi kwa jisu lenye unene wa milimita sita. Unatupa nusu ya kiazi, na ukikazana sana unajikata.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kikali, hawakusema kirefu.

Kisu changu cha kwanza cha safari nilichongewa na mhunzi mmoja mzee aliyekuwa na banda lake pembeni mwa barabara ya kwenda Tukuyu. Nilimsalimia, shikamoo mzee, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia nataka kisu kizuri.

“Cha kazi gani, mwanangu?”

“Cha kutembelea milimani.”

“Mlimani unaenda kukata nini?”

Nilibaki kimya. Yeye akaendelea kupuliza moto, akasubiri. Nilipoanza kumtajia chakula na kamba aliitikia kwa kichwa, akachagua kipande cha springi ya gari kutoka kwenye rundo lake. Wahunzi wetu wengi wanapenda springi kwa sababu ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha: ukikipasha hadi kiwe chekundu na kukizamisha kwenye mafuta kinakuwa kigumu na kinashika makali. Nilikaa nikamwangalia akikigonga juu ya fuawe hadi kikawa chembamba, akakizamisha, kisha akakirudisha taratibu pembeni mwa makaa ili kisiwe chepesi kuvunjika. Ubapa wake una urefu wa sentimita tisa hivi, sawa na upana wa kiganja changu. Chuma kinapita ndani ya mpini hadi mwisho wake, na mbao mbili zimekibana kila upande kwa riveti tatu. Huu ni mwaka wa kumi na mbili ninacho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: beba kisu kimoja kisichokunjika, kifupi, chembamba, chenye ala nzuri. Urefu wa sentimita nane hadi kumi unatosha kabisa. Angalia mpini kabla ya kuangalia chuma. Kule juu vidole vinakuwa na ganzi. Kitulo ni kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai unaweza kukuta majani yameganda umande, mweupe kama unga. Mpini mwembamba wa plastiki laini, mkononi mwenye baridi na mafuta ya nyama, unateleza. Unataka mbao au mpira, ulionenepa kidogo katikati, na mbele uwe na kizuizi cha kuzuia kidole kisipande kwenye makali. Ukiwa dukani ushike kwa mkono uliolowa maji. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Mtu akipita Iringa na ana saa mbili za ziada namshauri aingie Isimila, kilomita kama ishirini tu kutoka mjini kwenye barabara ya kuja huku Mbeya. Pale yapo mashoka ya mkono ya Zama za Mawe, yamechongwa pande zote mbili, hayana mpini. Nilipoyaona mara ya kwanza nilichogundua ni jinsi mengi yanavyokaa kiganjani. Mtu yule wa kale alishajua kuwa chombo kisichotulia mkononi ni mzigo. Sisi tunaletewa vyombo vya kutisha kwa macho, na tunanunua.

Sasa visu vya kukunja. Sivikatai, hata mimi nabeba kimoja. Ila kovu nililonalo kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia nimelipata kwa kisu cha kukunja kisichokuwa na kufuli. Tulikuwa tumepanda mlima Ngozi, ile sehemu ya mwisho ndani ya msitu ambayo ni mwinuko mkali na udongo wake unateleza hata wakati wa kiangazi. Tulipofika ukingoni, ziwa likiwa chini kabisa ndani ya kasoko, nikakaa nitoboe tundu jipya kwenye mkanda wa begi. Nilisukuma ncha, ngozi ya mkanda ikawa ngumu, nikaongeza nguvu, ubapa ukajikunja kurudi ulikotoka. Kidole kilikuwa njiani. Nilishuka mlima mzima nimeinua mkono juu ya kichwa, kitambaa kimelowa damu, na kila nilipoteleza sikuwa na mkono wa kushikia mti. Chini kulikuwa na zahanati, wakanishona nyuzi nne.

Tangu hapo kisu cha kukunja kwangu lazima kiwe na kufuli ya kuzuia ubapa usirudi, na hata chenye kufuli sikitobolei kitu. Binamu yangu aliyesoma Ufaransa aliniletea Opinel, kile cha mpini wa mbao chenye pete ya chuma shingoni. Unakifungua, unazungusha pete, kinakaa. Kampuni hiyo ilianza kutengeneza visu huko Savoie mwaka 1890, na pete ile ikaongezwa mwaka 1955. Ni chepesi mno, ubapa wake ni mwembamba, na kwa mkate na parachichi sijaona cha kukishinda. Kasoro yake ni mpini: mbao zikinywa maji zinavimba na kisu kinagoma kufunguka, na ukungu wa Rungwe unatosha kabisa kuzivimbisha. Vile vya Uswisi vyekundu vya Victorinox, vyenye mkasi na kifungua kopo, ni vizuri kwa mkasi wake na koleo dogo la kutolea mwiba. Lakini vingi katika vile vidogo havina kufuli ya ubapa, kwa hiyo vitumie kwa kazi nyepesi tu. Na kama hutaki kwenda kwa mhunzi, visu vya Mora kutoka Sweden, visivyokunjika, ni vya bei ya kawaida na vimetulia mkononi. Ningenunua hicho mara kumi kabla ya kununua jisu la meno mgongoni.

Kuhusu panga. Najua mzee wa kijijini atasema huwezi kwenda porini bila panga, na kwake ni kweli: ana shamba, ana kuni, ana nyoka wa kwenye migomba. Mimi ni mgeni ninayepita. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kukata hata kijiti, na kabla ya kuvuka lango unatakiwa kumweleza askari wa hifadhi ulichobeba. Mweleze hata kama ni kisu cha vitunguu, itakupunguzia maswali. Njia zenye vichaka anazifungua mwenyeji anayekuongoza, kwa panga lake, ambalo amelishika tangu utoto. Kuni tunanunua kijijini au tunapikia jiko dogo la gesi.

Kwa Kitulo nina uchungu zaidi. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, sababu kubwa ikiwa ni maua. Kwa miaka mingi viazi vya okidi, mojawapo ya maua hayo, vimekuwa vikichimbwa katika nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mwezi wa saba maua mengi hayapo, yamejificha ardhini yakisubiri mvua, na mtu mwenye jisu kiunoni na hamu ya kulitumia anachokonoa udongo bila kujua anachokata. Nimeona kijana akifanya hivyo huku akiongea na simu. Alikuwa anapoteza muda tu. Ukiwa na kisu kidogo ndani ya ala, ala ndani ya begi, mkono haupati kishawishi hicho.

Chuma gani? Kisu changu cha springi kinashika kutu. Ukikata limau au embe kinageuka kijivu, na usipokifuta jioni, asubuhi kina madoa ya rangi ya kahawia. Stenlesi haina usumbufu huo. Kwa mtu anayetembea mara moja kwa mwaka na kukisahau kisu kabatini, achukue stenlesi. Mimi nimebaki na chuma cha kaboni kwa sababu nikikinoa kinarudi haraka, hata kwa jiwe la mtoni, na tone la mafuta ya alizeti kila jioni linakilinda. Ila ala ya ngozi ikilowa, usikilaze kisu ndani yake. Kitoe, kifute, kifunge kwenye kitambaa kikavu.

Na hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko aina ya kisu. Mjomba wangu upande wa Iringa alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Masika, alfajiri na jioni, aliingia kwenye shamba lake la mianzi na kisu kifupi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata shangazi. Alishika chipukizi la mwanzi, akanyoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akarudisha mbeta, chombo cha kukingia, mahali pake. Unaona maji yanaanza kuchuruzika palepale. Nilipokuwa na miaka kama kumi nilimwomba nijaribu, akanipa kisu kingine, cha nyumbani, kilichokuwa butu. Nilikandamiza, mwanzi ukapondeka, nyuzi zikatoka nje kama kamba iliyokatika. Jioni ile ulitoa matone machache tu. Mjomba hakunigombeza. Alikaa juu ya gogo, akachukua kinoo, akanionyesha: ubapa ulale karibu na jiwe, umeinuka kidogo tu, vuta taratibu kwa pembe ileile kutoka kitako hadi ncha, hadi upande wa pili kidole kisikie ukingo unakwaruza. Kisha geuza. Mwishoni unapitisha mara chache chache, kwa wepesi, kila upande.

Kisu butu ndicho kinachokata watu. Unakisukuma kwa nguvu, kinateleza juu ya ganda la nyanya, kinaishia kwenye kidole gumba. Kwa hiyo fedha mtu anayotaka kuongeza kwenye kisu, anunulie kinoo. Kwenye begi langu kipo kidogo cha saizi ya kiberiti. Kila usiku, maji ya chai yakichemka, nanoa kwa dakika tano. Mwenye kukata anakaa chini, hakati akiwa anatembea, na kisu kinapita mkono kwa mkono mpini ukiwa mbele. Kwa wanaokuja kwa ndege hadi Songwe, kisu kiingie kwenye begi la mizigo, la sivyo kitabaki kwenye ukaguzi.

Mwaka huu tunashuka Matema. Kutoka Kitulo hadi Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500, ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000. Magoti yatalia, na kila gramu begini utaisikia. Kisu cha mhunzi nitakifunga mfuko wa juu wa begi, pamoja na kinoo. Opinel itakaa na vyombo vya kupikia, ndani ya mfuko wa plastiki isinywe ukungu. Panga hakuna. Mpwa wangu alipiga simu juzi kuuliza kama yule mzee wa barabara ya Tukuyu bado anafua. Mzee ameshatangulia mbele za haki, lakini mwanawe yupo palepale bandani. Jumamosi tunaenda wote wawili. Nimemwambia kabla hatujafika awe ameshafikiria jibu la swali atakaloulizwa.