Unene peke yake usimnyime mtu upasuaji wa matundu

Mgonjwa mwenye unene uliokithiri akihitaji kukatwa sehemu ya utumbo mpana, wapo madaktari wanaoona heri wamfungue tumbo moja kwa moja. Sababu zao si za kupuuzwa. Katika upasuaji wa matundu, yaani wa kupitishia kamera na vifaa kwenye matundu madogo badala ya kidonda kirefu, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kamera ipate nafasi, na mara nyingi mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini. Akiwa mnene, gesi na uzito wa mafuta hubana mapafu, na daktari wa usingizi huwa na kazi nzito. Mpasuaji naye hukuta mafuta yamefunika mishipa ya damu, na utumbo hauinuliki kirahisi. Operesheni hurefuka, na uwezekano wa kulazimika kufungua tumbo huongezeka.

Lakini kidonda kirefu kwenye tumbo lenye mafuta mengi ndicho kinachotunga usaha, kuachia, na baadaye kuleta ngiri. Maumivu yake humzuia mgonjwa kuvuta pumzi vizuri na kuinuka kitandani, ilhali tayari yumo katika hatari ya damu kuganda miguuni. Anayemtaabisha daktari zaidi ndiye mwenye mengi ya kuokoa akipasuliwa kwa matundu. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko muda wa ziada mezani.

Kuhusu saratani ya utumbo mpana, utafiti wa COST wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 uliondoa hofu kubwa: ugonjwa haukurudi zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu kuliko kwa waliofunguliwa tumbo. Saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni ngumu zaidi, hasa kwa mwanamume mnene mwenye nyonga nyembamba. Roboti ilitarajiwa kusaidia hapo, ila utafiti wa ROLARR wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 471, ulikuta waliofunguliwa tumbo katikati ya operesheni ni asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa matundu ya kawaida, tofauti isiyotosha kuthibitisha ubora wake.

BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, nayo hupotosha. Wawili wenye BMI ya 35 wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja mafuta yako mapajani, mwingine yamezunguka utumbo. Picha ya CT huonyesha hilo kabla ya kisu.

Na kufungua tumbo mapema, mpasuaji anapoona njia haipitiki, ni uamuzi wa busara. Hatari iko kwa anayeng'ang'ania hadi mshipa upasuke, ndipo afungue kwa pupa.