Yaya, Maji Yameganda

Simu ikilia saa tisa usiku hapa Goma, ujue kuna msiba au kuna mtu anataka pesa. Juzi nimepata ya tatu: bomba la mdogo wangu limeganda huko Winnipeg.

"Yaya, maji yameganda!"

Yaya ndiye mimi, kaka yake mkubwa. Nikakaa kitandani. Winnipeg iko Kanada, saa zao ziko nane nyuma ya zetu, kwa hiyo kwake ilikuwa saa moja jioni. Mtu katoka kazini, anataka kusonga fufu, anafungua robine, yaani koki ya maji: kimya. Nje baridi imefika digrii 28 chini ya sifuri. Nikamuuliza swali la mtu wa Ndosho, mtaa wetu hapa Goma: "Na bidoni zako ziko wapi?" Hana. Baba wa watoto wawili, hana hata bidoni moja ya lita 20! Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Mimi ninazo kumi na mbili, za njano, zimepangwa kwenye chumba cha wageni, na mgeni akija analala nazo. Ziwa Kivu lote hilo liko hapo chini, lakini robine ya uwani kwangu hutoa maji kama mdaiwa anayelipa deni: siku anayotaka yeye, tena usiku. Mke wangu huiacha wazi kila jioni na beseni chini yake. Kwa imani tu.

Basi nikajifanya fundi. Dawa yangu ilikuwa babula, jiko letu la makala, yaani makaa. "Weka babula chini ya sinki," nikamwambia, "jaza makala, dakika ishirini barafu imekimbia."

"Yaya, unataka kutumaliza? Nyumba za huku zimezibwa kama chupa. Hewa ya makala itatuua sote."

Hapo nikanyamaza. Sisi tunaoyajua mazuku, ile hewa inayojificha mabondeni kando ya ziwa na kuangusha mbuzi bila kelele, hatubishani na hewa.

Kumbe kosa lilikuwa lake. Alipunguza joto la nyumba ili bili ishuke, akaenda kutembea siku mbili, na bomba la jikoni limepita ndani ya ukuta wa nje. Fundi akamweleza kwa simu (kwa simu tu, na bado atatoza!) kwamba maji yakiganda hunenepa, karibu asilimia 9, na bomba halina pa kunenepea. Hilo nalijua. Mwaka jana nilisahau chupa ya bia kwenye konjelateri (friji ya kugandisha) ya shemeji. Mpaka leo ananiita Injinia.

Dawa yake ndiyo iliyonitoa usingizini kabisa. Unaacha robine wazi, unafungua milango ya kabati la chini ya sinki ili joto liingie, halafu unapuliza bomba kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa robine na kurudi nyuma taratibu, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa wazi, marufuku. Na mtu mmoja akae karibu na vane kuu, ile ya kufunga maji ya nyumba nzima, maana bomba lililopasuka halisemi mpaka barafu iachie.

Kwa hiyo saa tisa na nusu usiku niko kwenye video namtazama mdogo wangu, diploma mbili, kalala chali jikoni, anatengeneza bomba nywele.

Hasira ilinishika aliponieleza kinga. Bomba wanalivalisha triko la povu, kama sweta, sawa, hata mimi nina triko. Lakini usiku wa baridi kali, eti, wanaacha robine idondoke mpaka asubuhi. Maji safi! Hakuna hata bakuli chini, yanaingia shimoni, wenyewe wanakoroma. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Mdogo wangu, mama alitunawisha watoto sita kwa kopo moja!"

"Yaya, barafu ikiziba, maji yanabanwa kati yake na robine iliyofungwa, ndiyo yanayopasua. Yakidondoka, presha inapungua."

"Na presha yangu je?"

Kwetu bomba halijawahi kuganda. Mei 2021 lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipita juu ya mabomba, mtaa baada ya mtaa ukakauka. Yeye kutwa anatafuta joto, mimi ninalo mlima mzima, nitalituma kwa njia gani?

Nilikuwa bado namgombeza niliposikia kitu kinakohoa uwani. Kho. Kho-kho. Halafu beseni likaanza kuimba.

"Yamekuja!" nikapiga kelele.

"Yamekuja wapi? Hapa bado!"

"Yamekuja!"

Simu nikaitupa kitandani. Mama watoto huyo na bidoni mbili, watoto hao nusu usingizi, mimi nimevaa kandambili mguu mmoja juu ya yale mawe meusi ya lava. Nimerudi chumbani kuchukua bidoni ya tisa, nakuta simu bado inaongea, mdogo wangu anampigia mkewe kelele:

"Funga vane! Yaya anasema yamekuja, funga vane!"